Tusi la Safari

Agnès hakuwaamini watu wanaoaga vizuri. Mtu akikuaga kwa maneno matamu sana, alisema, tazama kwanza mfuko wako, halafu mtazame mume wako.

Redio ya mjini ilikuwa na kipindi chake cha salamu kila Jumapili mchana. Watu walituma maneno, na mtangazaji akayasoma kwa sauti ya mtu aliyemeza asali: “Kwa Mama Ernestine anayesafiri kwenda Likasi: bon voyage, safari njema, bonne route, bonne chance, bahati njema, na Mungu akutangulie katika kila kituo.” Agnès akisikia hayo alicheka mpaka akajishika mbavu.

“Likasi!” alisema. “Mutu anaenda Likasi tu pale, banamuombea sawa anaenda mbinguni!”

Aliyecheka naye kila Jumapili alikuwa Ndaya, jirani yake wa pale Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Nyumba zao za kampuni zilishikana ukuta. Huyu akikohoa, yule husema pole. Walikaa hivyo tangu siku zile ambapo wote wawili walikuwa bado na viuno. Agnès alitoka kaskazini, upande wa Manono, na marehemu mumewe aliendesha mashini shimoni. Ndaya alikuwa Mkasai, mtu wa asili ya Kasaï. Baba yake aliletwa na treni kufanya kazi ya mgodi, naye alikuja mgongoni mwa mama yake, hata kutembea hajui. Mumewe Stanislas alikuwa karani, mtu mpole aliyefunga tai hata siku ya kukata nyasi. Kama ilivyo desturi, wanawake hao waliitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Agnès alikuwa Mama Mukuna, na Ndaya alikuwa Mama Tshibola.

Basi kwao Agnès, bahati mbaya ina masikio. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Ikikusikia unamsifu msafiri, inajua kwamba huyu ni mtu wa thamani, inakunja mkeka wake na kumfuata. Kwa hiyo mtu unayempenda, akisafiri, unamtukana. Unamtukana mpaka bahati mbaya ione aibu kumgusa. Naye msafiri lazima akujibu kwa tusi lake kabla hajageuza mgongo, maana tusi lisilojibiwa ni kama sufuria isiyofunikwa. Chochote kinaweza kuangukia ndani.

Mara ya kwanza Ndaya hakujua. Alikuwa anapanda lori na mtoto wake mchanga, kwenda kumwonyesha kwa bibi yake aliyekaa Mwene-Ditu, kule Kasaï. Agnès akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

“Wende kule na ile mutoto yako ya kichwa sawa papayi!”

Ndaya akaanza kulia. Agnès akakimbia, akamshika mguu juu ya lori.

“Nitukane!”

“Mama Mukuna, nimekukosea nini?”

“Hapana kulia, nitukane! Lori iko inaenda!”

“Mi sijui kutukana…”

“Angalia magoti yangu, utajua!”

Ndaya akapangusa machozi, akayatazama magoti hayo. “Magoti… magoti yako sawa ya mbuzi muzee,” alisema polepole, kama mtu anayejibu katekisimu.

“Njo vile!” Agnès akauachia mguu, na lori likaondoka.

Tangu siku ile hawakuagana kwa namna nyingine. Ndaya akajifunza haraka, na kusema kweli akamshinda mwalimu wake. Akienda sokoni alitukanwa kidogo, akienda Lubumbashi alitukanwa sana, na alipokwenda kumzika mama yake mwenyewe, Agnès alimtukana mpaka wapita njia wakaja kuamua ugomvi. Na kila mara alirudi salama. Agnès alisema ni kazi ya ulimi wake. Stanislas alisema ni kazi ya Mungu. Ndaya alisema hao wawili wasaidiane tu, yeye hakujali nani amefanya nini.

*

Halafu ukafika mwaka ule wa tisini na tatu.

Kilichokufa kwanza ni mgodi. Mashini zilisimama shimoni na mvua ikazijaza maji, kampuni ikawa inalipa watu kwa unga, halafu kwa ahadi ya unga. Bukari, ugali wa huko, ilipoisha katika sahani, maneno yakaingia mahali pake. Wakubwa walipanda juu ya meza wakasema: njaa hii imeletwa na Wakasai, warudi kwao. Kwao wapi, hakuna aliyeuliza. Vijana wakafunga vitambaa vyekundu kichwani, wakashika vyuma. Wakasai wakapewa jina jipya, bilulu, yaani wadudu. Mtu ambaye jana alikukopesha chumvi, leo ni mdudu.

Agnès alijua siku ya jirani zake itafika. Akajiandaa. Alitengeneza tusi moja la ajabu, akalipika siku nzima akichambua majani ya sombe, akalionja, akaliongeza chumvi. Safari hii haikuwa ya Likasi. Safari hii ilitaka tusi la kutosha kwenda mbali.

Asubuhi yake vijana wakaja. Mbele yao alikuwa Mbayo, mtoto wa Kapata hapo hapo, ambaye mama yake aliuza makaa nyuma ya kanisa.

“Bilulu! Mutoke! Treni iko inabangojea!”

Stanislas akatoka na godoro kichwani. Alikuwa amevaa koti lake la ofisi juu ya koti lingine, ili yasiibwe, na jasho lilikuwa linamtiririka. Tshibola, yule wa kichwa cha papai, sasa mwanamke mzima, alitoka na mapacha wake, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Wa mwisho alitoka Ndaya, na sufuria mkononi. Akafunga mlango kwa ufunguo. Vijana wakacheka sana kuuona ufunguo huo.

Agnès akaenda barabarani, mikono kiunoni kama siku zote. Akafungua mdomo.

“Bilulu!” vijana wakapiga kelele nyuma yake. “Kilulu muzee! Tembea!”

Tusi likamkwama. Lilikuwa tayari, lilikuwa tamu, lakini sasa lilinuka kinywa cha wale. Angelitamka vipi? Angekuwa sauti moja tu kati ya zao. Akamwona Ndaya amesimama na sufuria yake, akimngoja, akimtazama ulimi. Ndipo Agnès, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, akafunga mikono kifuani kama mtawa, akasema:

“Mama Tshibola, bon voyage. Bonne chance. Mungu akutangulie.”

Ndaya hakuondoka. Aliendelea kungoja, kama mtu aliyeletewa chai bila kikombe. Alipoona hakuna kingine kinachokuja, uso wake ukafungwa.

“Merci, madame,” akasema.

Akageuka, akaenda.

Madame! Madame alikuwa mke wa mzungu wa kampuni, aliyepita zamani kukagua kama vyoo vimesuguliwa. Madame alikuwa mtu usiyemjua. Agnès alibaki barabarani mpaka vumbi lao likatulia.

*

Treni haikuwa inawangojea hata kidogo. Huo nao ulikuwa uongo. Watu walijaa kituoni, wakalala barabarani, chini ya mabehewa mabovu, chini ya turubai, na mvua za Machi zikawanyeshea bila kuchagua nani karani na nani mchimbaji. Majuma yakapita. Surua ikaingia kwa watoto. Kila jioni wapita njia walileta habari Kapata: leo wamezika huko, jana pia.

Redio ikaacha kusoma salamu za wasafiri. Labda mtangazaji aliona aibu. Labda wasafiri walikuwa wengi kuliko asali.

Agnès hakula vizuri. Kila habari ya kituoni aliisikia kama ni kazi ya mkono wake. Alikuwa amemuaga Ndaya kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kwa maneno ya redio. Ameitajia bahati mbaya jina lake, ameionyesha na njia. Na juu ya hayo, rafiki yake ameondoka akijua kwamba kwa Mama Mukuna yeye sasa ni mtu baki. Lazima amwone kabla ya treni. Lazima amtukane, na atukanwe, ili sufuria ifunikwe. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

“Mama, usiende,” mwanawe Mukuna akamwambia. “Ukipeleka ata yai moja kule, kesho banachoma hii nyumba.”

“Mi sipeleke yai. Naenda na mudomo tu.”

“Njo kintu inaniogopesha, mama. Heri yai.”

Akatii kwa muda, maana mwanawe alikuwa na watu wake wa kulinda. Lakini asubuhi moja filimbi ikasikika mpaka Kapata. Watu wakatoka nje. Treni imefika, wakasema, na wameanza kupanda. Mukuna alikuwa kisimani. Agnès akachukua fimbo yake na kitambaa chake cha kichwa, akaenda.

Kwa magoti yale mwendo ulikula asubuhi nzima. Karibu na kituo vijana walikuwa wameweka kipande cha reli juu ya mapipa, kufunga njia. Mbayo alikuwa amekaa juu yake na chuma chake.

“Mama Mukuna! Unaenda wapi? Unabapelekea chakula?”

“Unipekue basi. Ukipata chakula, tutakula sisi wote, ata mi sijakula.”

Vijana wakacheka. Mbayo hakucheka. “Sasa unatafuta nini kule?”

Hapo ndipo ujanja wake, uliomtoa katika mambo mengi, ukamjia bila kuitwa. Akainua kidevu.

“Naenda kubatukana,” akasema. “Batu banaenda hivi hivi, ata tukano moja ya kumukumbuka mutu hawapate? Munajua kufukuza, lakini kutukana hamujue. Bilulu, bilulu, kila siku bilulu! Hamuna aibu? Mi nilikuwa jirani yao. Ya kwangu iko ya moto.”

Ilikuwa kweli tupu, na ilipita kama uongo mzuri unavyopita. Mbayo akapiga mapaja kwa furaha.

“Mumufungulie mama njia! Mama anaenda kubatukana!”

Wakainua reli. Agnès akapita, anajisifu moyoni, na alikuwa amekwenda hatua chache aliposikia miguu nyuma yake. Vijana wote walikuwa wanamfuata. Nani angebaki kulinda mapipa wakati kuna matusi mapya?

Treni ilikuwa ya mizigo, mabehewa yale yaliyobeba madini wakati wa mema. Sasa yalibeba vitanda, mabeseni, cherehani, mabibi. Watu walikuwa mpaka juu ya paa. Agnès alipita behewa baada ya behewa akitafuta koti juu ya koti, na akaliona. Stanislas alikuwa mlangoni mwa behewa, amekonda, tai ipo, shingo imebaki kidogo. Pembeni yake alikaa Tshibola. Mgongoni alikuwa na mtoto. Kifuani kulikuwa kitambaa tu, kimefungwa bado, hakuna kitu ndani.

Na katikati yao, miguu imevimba inaning’inia nje, alikuwa Ndaya.

“Mama Tshibola!”

Ndaya akainua uso. Kwa dakika moja ulikuwa uso wake wa Jumapili. Kisha akaviona vitambaa vyekundu nyuma ya Agnès, na uso ukarudi ndani.

Agnès akageuka. Vijana walikuwa wamesimama kama watu waliolipia sinema. Akafikiri: nirudi? Nije saa ingine? Injini ikapiga filimbi. Saa ingine haikuwepo.

Akaweka fimbo chini. Akashika kiuno kwa mikono yote miwili. Na lile tusi alilolipika, lililokaa tumboni majuma yote hayo, likatoka lote kwa mara moja:

“Wende, Mama Tshibola! Fisi akuone akukatae! Mamba akuteme! Ata udongo ya Kasaï ikutapike, irudishe hii makalio yako Kapata!”

Vijana wakalipuka kwa vicheko. Wengine walikaa chini kabisa. Lakini Agnès hakuwasikia, maana alikuwa anauangalia mdomo wa Ndaya. Mdomo ule ulianza kutetemeka pembeni. Macho yakajaa maji, yakang’aa. Ndaya alikuwa ameelewa: usife njiani, usizikwe kule, rudi. Akajinyoosha kiunoni, akavuta pumzi. Agnès aliijua pumzi ile. Ni pumzi ya mtu aliyebeba jibu zito, anatafuta mahali pa kulitua.

“Anataka kujibu?” Mbayo akaruka mbele, chuma juu. “Kilulu anataka kumutukana mama yetu? Aseme! Aseme basi, nimusikie!”

Stanislas akanyoosha mkono. Akauweka kiganja chake juu ya mdomo wa mkewe, taratibu, kama unavyomfunika mtoto aliyelala ili nzi wasimguse. Akaubana.

“Muache aseme!” Agnès akapiga kelele. “Stanislas, muache! Anitukane! Nitukane, Mama Tshibola!”

“Nitukane!” vijana wakaitikia, wakidhani ni uchokozi. “Ee, mutukane, ujaribu!”

Treni ikajivuta. Behewa likagonga behewa. Juu ya kiganja cha mumewe macho ya Ndaya yalikuwa yanasema, yanasema sana, lakini macho hayatukani. Mungu aliyapa kazi nyingine. Agnès akatembea kando ya reli kadiri magoti yalivyokubali. Tshibola akageuza kichwa kumtazama. Tshibola aliujua utani wao, alikua ndani yake kama mtoto anavyokua ndani ya moshi wa jiko. Lakini mtu aliyezika mtoto kituoni hana tena mahali pa kuweka utani. Akamtemea mate.

Behewa likapita. Mpaka kwenye kona, mkono wa Stanislas ulikuwa bado palepale.

*

Mguu wake ukateleza juu ya reli. Aliyemshika asianguke alikuwa Mbayo.

“Polepole, mama. Reli inateleza.” Akamvusha kwa adabu, mkono chini ya kwapa, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Hata fimbo yake alimwokotea. Agnès akamwegemea, kwa sababu mwingine wa kumwegemea hakuwepo.

“Mama, ile tukano, rudilia kidogo. Tuishike.”

“Nimesahau.”

“Mi nimeshika!” mwingine akasema nyuma. “Fisi akuone akukatae, mamba akuteme, udongo ya Kasaï ikutapike!”

“Muache hii,” Agnès akasema. “Haiko yenu.”

Lakini walikuwa wameshaanza kuipigia makofi.

Kabla ya Pasaka tukano ile ilikuwa imefika Musonoi, imefika kila cité, kila mtaa wa wafanyakazi. Malori yaliyopeleka watu kituoni yalipita Kapata, na vijana waliokaa juu walikuwa wakiimba: fisi abakatae, mamba abateme, udongo ibatapike! Wauza mikate waliitikia. Watoto wakairukia kamba. Watu walimsalimu Agnès kwa heshima njiani, ee, mama wa tukano, na mmoja alimletea kiti cha kukalia, kiti kizuri, hakusema kimetoka nyumba gani. Hakukikalia. Alikaa ngazini, chini, akichambua maharage yake.

Mwanzoni alicheka, kwa tumbo tu, bila kuonyesha meno. Wapumbavu hawa, alifikiri, wanamfukuza mtu na kumbariki kwa pumzi moja. Wote wale wanaofukuzwa wanaondoka na dawa ya Manono, wala hawakuiomba. Kicheko hicho hakikudumu. Lori lilipopita aliwatazama Wakasai waliokaa humo, na wote walikuwa wamefunga midomo. Hakuna aliyejibu. Angejibu nani, na vile vyuma? Sufuria baada ya sufuria zilipita wazi mbele ya mlango wake, zinakwenda mbali, na mfuniko hakuna.

Basi akaanza kuzifunika mwenyewe. Lori likishapita, alijibu badala yao kwa sauti ndogo, kwa kuvuta maneno kama Ndaya alivyoyavuta: “Na weye Agnès, uzeeke mpaka kifo isahau jina yako.” Lori lingine: “Ubakie peke yako sawa jino ya mwisho.” Lingine: “Meno yako ioe, ihame, ikuache na fizi.” Ilikuwa kazi ngumu. Ndaya angeyapata mazuri zaidi, tena bila kufikiri.

Mukuna akatoka nyuma ya nyumba, akamkuta amefumba macho, midomo inacheza.

“Mama, unatukana nani?”

“Miye.”

“Juu ya nini?”

“Nyamaza kwanza,” Agnès akasema. “Lori ingine inakuja, na mi sijapata ya kusema.”